Waya wa Klachi na Pleyi Yake

Barabara ya kutoka Mombo kupanda Lushoto haina huruma na pikipiki iliyopakia. Dereva mwenye magunia mawili nyuma anavuta mafuta, injini inanguruma, lakini mwendo hauongezeki. Haraka haraka anashuku ringi za pistoni au kabureta, na kichwani anaanza kupiga hesabu za kufungua injini. Kabla hajafika huko, ashike mkono wa klachi, ulio chini ya vidole vyake vya kushoto, na kuuchezesha taratibu. Ikiwa umekaza tangu mwanzo na hauchezi hata kidogo, huenda waya ndio unaoifanya klachi iteleze.

Klachi ya pikipiki nyingi za kazi ni pleti kadhaa zilizopangwa pamoja ndani ya oili ya injini. Springi huzibana ili nguvu ifike kwenye gurudumu la nyuma. Mkono ukivutwa, waya unavuta wenzo mdogo ubavuni mwa injini, pleti zinaachiana, na dereva anabadilisha gia. Waya wenyewe ni nyuzi nyembamba za chuma zilizosokotwa, zinazopita ndani ya ala ya chuma iliyovishwa plastiki. Mfumo huu unaitwa kwa jina la Ernest Monnington Bowden, aliyepata hataza yake Uingereza mwaka 1896, na tangu wakati huo haujabadilika sana.

Ule ulegevu mdogo wa mkono kabla haujaanza kuvuta ndio mafundi wanauita pleyi. Vitabu vya pikipiki nyingi za Honda vinataka milimita 10 hadi 20, zikipimwa kwenye ncha ya mkono. Ni kama upana wa kidole. Kampuni nyingine zina kipimo chao na mahali pao pa kupimia, kwa hiyo kijitabu cha pikipiki husika ndicho cha kufuata.

Pleyi haikai ilivyoachwa. Waya ukirefuka kwa kuvutwa kila siku, pleyi inaongezeka: gia zinakuwa ngumu, nyutro haipatikani kwenye mataa, na pikipiki inataka kusogea hata mkono ukiwa umebanwa wote. Pleti zikilika, katika injini nyingi hali inakuwa kinyume chake. Wenzo wa kwenye injini unahama kidogo kidogo na pleyi inapungua hadi inakwisha, bila mtu yeyote kugusa nati. Hali hii ya pili ndiyo ya kuogopwa zaidi. Klachi iliyolegea inampigia dereva kelele kila anapobadilisha gia, lakini iliyokazwa mno inaunguza pleti kimya kimya, na siku harufu inapotoka, gharama imeshaingia. Dereva anayeacha vidole vikiuegemea mkono wa klachi foleni nzima anaziumiza pleti vivyo hivyo, hata kama waya umerekebishwa sawasawa.

Kurekebisha hakuhitaji gereji. Injini ikiwa imepoa, nati ya kufungia iliyo karibu na mkono inalegezwa, kisha kirekebishio kinazungushwa. Kikitoka nje waya unakaza. Kikiingia ndani unalegea. Kisipotosha, kirekebishio hicho kinarudishwa ndani karibu chote na kazi inahamia chini kwenye injini, ambako kuna nati mbili zinazoshika ala. Marekebisho makubwa yafanyike huko chini, na ya juu yabaki kwa mabadiliko madogo ya siku hadi siku, kwa sababu kirekebishio kilichotolewa nje mno kinabaki kimeshikwa na nyuzi chache za skrubu na huvunjika kirahisi. Baada ya kukaza nati, usukani ukunjwe kulia na kushoto hadi mwisho. Pleyi ikibadilika, waya umebanwa mahali fulani, labda na chuma cha mwavuli au kamba iliyofungwa vibaya. Waya ambao umefika mwisho kwenye virekebishio vyote viwili ubadilishwe. Ikiwa pleyi ni sawa na klachi bado inateleza, pleti zikaguliwe. Oili nayo iangaliwe: klachi ya aina hii inataka oili yenye alama ya JASO MA au MA2, na baadhi ya oili za magari zina vilainishi vinavyoifanya iteleze.

Sehemu inayostahili macho makali kuliko zote ni kile kichwa kidogo cha chuma kinachoingia kwenye mkono. Kinatakiwa kuzunguka ndani ya tundu lake kila mkono unapovutwa. Kikikauka na kuganda, waya unalazimika kujikunja palepale, na nyuzi zinakatika mmoja baada ya mwingine. Nyuzi zilizosimama nje kama miiba ni taarifa tosha kwamba waya huo hauna siku nyingi. Tone la grisi kwenye tundu hilo linarefusha maisha yake.

Ndani ya ala, grisi haifai; inashika vumbi na kuwa nzito. Waya usio na bitana ya plastiki hutiwa oili nyepesi, hata ya cherehani. Ncha ya juu inachomolewa na kuinuliwa, mfuko wa nailoni uliokatwa pembe unafungwa kwenye ala, oili inamiminwa kidogo huku waya ukisukumwa juu na chini, mpaka itokeze upande wa injini. Waya zenye bitana, nyingi hazitaki oili kabisa.

Madereva wa safari ndefu wana utaratibu mzuri: waya mpya unalazwa sambamba na ule wa zamani na kufungwa kwa tepu, ncha zikiwa zimefunikwa. Wa zamani ukikatika porini, mwenzake uko tayari kuunganishwa kwa spana mbili.