Upendo wa kweli hupimwa mpakani

NENO upendo limezoeleka mno midomoni mwetu hata limeanza kupoteza uzito. Mapadri na wachungaji hulitaja kila Jumapili, na wafanyabiashara hulibandika kwenye vioo vya magari yao. Lakini ukiuliza upendo wa Kikristo ni nini hasa, wengi watakujibu kuwa ni huruma, au ile furaha inayomjia mtu kwaya inapoimba vizuri.

Maandiko yanadai zaidi ya hapo. Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, na neno linalotumika humo zaidi ni agape, yaani kumtendea mwenzako mema hata pale ambapo hutapata faida yoyote. Mtume Paulo anapolieleza katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 13, hasimulii hisia bali mwenendo wa mtu. Naye Yesu, alipoulizwa jirani ni nani, alitoa mfano wa Msamaria, mtu wa jamii iliyodharauliwa, aliyetoa fedha zake mwenyewe ili mgeni aliyejeruhiwa atunzwe.

Kijana wa Goma

Sisi tunaoishi kwa kuvuka mpaka tuna mfano wa karibu zaidi. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, akasomea sheria, kisha akaajiriwa OCC, ofisi inayokagua ubora wa bidhaa nchini Kongo. Alikuwa pia mwanachama wa Jumuiya ya Sant'Egidio, na muda wake wa mapumziko aliutumia pamoja na watoto wa mitaani, wale ambao Goma huitwa maibobo.

Mwaka 2007 aliahidiwa hongo ili apitishe vyakula vilivyoharibika. Alikataa. Julai 7 mwaka huo alitekwa, na siku mbili baadaye maiti yake ilipatikana ikiwa na alama za mateso. Alikuwa na umri wa miaka 26. Juni 15, 2025, Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenyeheri mjini Roma, kama shahidi wa imani.

Wapo watakaosema kijana huyu alikufa kwa ajili ya kanuni za kazi tu. Lakini tujiulize: nani angekula vyakula vile? Si tajiri, kwa kuwa tajiri huchagua. Angekula yule anayetafuta bei ya chini kabisa sokoni. Floribert aliwalinda watu ambao wasingejua hata jina lake, wala wasingekuja kumshukuru.

Aliyebaki na wageni wake

Upande wa pili wa mpaka huo huo, mjini Gisenyi, Félicité Niyitegeka aliwaficha Watutsi wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na akawasaidia wengine kuvuka kwenda Goma. Yeye alikuwa Mhutu. Ndugu yake, ofisa wa jeshi, alimsihi aondoke ajiokoe. Alikataa kuwaacha wageni wake, akauawa pamoja nao mwezi Aprili. Leo ni miongoni mwa mashujaa wa taifa la Rwanda.

Na sisi je?

Si kila mtu atadaiwa damu yake. Mara nyingi tunadaiwa mtaji. Mama anayevuka na kikapu kichwani anajua kuwa samaki wakiharibika, ada ya shule imepotea. Imani haimwahidi kwamba hasara hiyo itafidiwa kesho. Inamtaka ajiulize swali moja tu: je, ningempa mwanangu hiki ninachokiuza?

Hapo ndipo kanisa nalo linapopimwa. Kumsifu mfanyabiashara mwaminifu kwenye ibada, kisha kumwacha peke yake na deni, ni upendo wa nusu njia. Yakobo aliwakemea wanaomwombea mwenye njaa heri bila kumpa chakula. Kikundi cha akiba cha jumuiya kinachomsaidia mwenzao aliyemwaga mzigo mbovu ni mahubiri tosha.

Kwa waliorudi kutoka uhamishoni, kipimo ni kingine. Wengine walikuta shamba likilimwa na mtu mwingine, au jirani akiwa na siri nzito. Kupenda si kufuta haki. Unaweza kwenda kwa wapatanishi kudai ardhi yako, na bado ukakataa kumwombea mpinzani wako mabaya au kuwafundisha watoto wako kuwachukia wa kwake. Vivyo hivyo, aliyekosa asitumie neno msamaha kama njia ya kukwepa kurudisha alichochukua.

Ndugu msomaji, kuimba upendo ni rahisi. Kesho utakaposimama mbele ya mteja usiyemjua, au utakapopishana njiani na yule mnayegombea mpaka wa shamba, hapo ndipo utakapojua kama unao.