Watoto wa kwenye karatasi: fedha za chakula zilivyoliwa Minnesota

Mwalimu yeyote aliyeshika daftari la mahudhurio anajua kuwa hakuna darasa ambalo watoto wote huja kila siku. Mmoja ana homa, mwengine kaenda mazikoni, wa tatu kazuiwa na mvua. Nimesomesha miaka mingi. Nikiliona daftari la mwezi mzima halina pengo, nilikuwa namwita mwenye darasa nimuulize.

Ndiyo maana kesi ya Feeding Our Future, jimbo la Minnesota, Marekani, haikunitoka kichwani. Jumuiya hii kazi yake haikuwa kupika. Serikali ya Marekani hutoa fedha za kulisha watoto wa familia zenye kipato kidogo. Fedha hupitia idara ya elimu ya jimbo, kisha kwa jumuiya kama hii, nayo huzigawa kwa vituo vya chakula na kuvikagua.

Ilipokuja korona, masharti yalilegezwa ili watoto wasilale na njaa skuli zikiwa zimefungwa. Mwaka 2019 jumuiya ilipitisha kiasi cha dola milioni 3.4. Mwaka 2021 zikakaribia milioni 200! Vituo vipya vilidai kulisha maelfu ya watoto kwa siku. Waendesha mashtaka walionyesha orodha za majina ya kubuni, na faili moja ambamo kompyuta iliamrishwa ijaze umri wowote kati ya miaka 7 na 17. Walisema zilizoibiwa ni kiasi cha dola milioni 250, zikaishia kwenye majumba, magari na safari.

Idara ya elimu ilikuwa na shaka mapema. Ilipobana maombi ya vituo vipya, jumuiya iliishtaki mwaka 2020, ikidai jamii za wachache zinabaguliwa. Fedha zikaendelea kutoka mpaka FBI walipoingia kupekua, Januari 2022. Machi 2025 mahakama ilimtia hatiani mwanzilishi wa jumuiya, Aimee Bock. Mkaguzi wa bunge la jimbo naye alishasema mwaka 2024 kuwa usimamizi wa idara ulikuwa dhaifu, ukawapa watu mwanya.

Kwangu mimi ubovu ulianza hapa: jumuiya ilikuwa ikikata asilimia 10 hadi 15 ya fedha za vituo, eti gharama za uendeshaji. Yaani hesabu ya watoto ikipanda, mkaguzi naye kipato chake kinapanda. Nani atajikatia riziki yake kwa kuuliza maswali?

Bock ni Mzungu, lakini wengi wa walioshtakiwa ni wenye asili ya Kisomali, majirani zetu na ndugu zetu katika dini. Sasa hata mama wa Kisomali asiyejua lolote anatazamwa kwa jicho baya. Watu wanamtilia methali ya samaki mmoja akioza, na hiyo ni dhulma.

Sisi tulioko Muscat, Dubai au London tunachangia madrasa na visima vya nyumbani kila mwaka, na fedha zile ni amana. Basi anayekusanya asiwe ndiye anayekagua, na anayekagua asilipwe kwa wingi wa majina. Na mtu wa familia akienda likizo, apite siku ya kazi bila ya kupiga simu kwanza, ahesabu watoto kwa macho yake.