Nyota Iliyozeeka na Mwenza Wake

Usiku wa Disemba, saa tatu hivi, nyota iitwayo Mira hupita karibu na utosi wetu sisi watu wa Mombasa. Mara nyingi hatuioni. Hung'aa majuma machache, hufifia hata jicho lisiifikie, kisha hurejea; duru yake ni kama siku 332. Kasisi David Fabricius aliiona mwaka 1596, akashangaa ilipopotea.

Mira imezeeka. Imefura, inatanuka na kunywea, na kila ikitanuka huinua gesi ambayo ikipoa huzaa vumbi. Mwanga wa nyota hulisukuma vumbi hilo nje, nalo huikokota gesi.

Tulizoea kuwaambia wanafunzi wetu wa madrasa kwamba nyota ya namna hii hujivua sawasawa pande zote, mithili ya kitunguu. Binti mmoja akauliza: "Maalim, mbona picha za nyota zilizokwisha zina mbawa kama kipepeo?" Tulimjibu jibu la haraka lisilo na maana. Leo tunamtaka radhi, kwani swali lake ndilo lililowashughulisha wataalamu.

Mwaka 2012, mtambo wa ALMA katika jangwa la Atacama, Chile, ulielekezwa kwa nyota mzee R Sculptoris. Ganda la gesi lilikuwa limejulikana. Ndani yake kukaonekana msokoto kama wa gamba la konokono. Mwenza hakuonekana, ila msokoto ulimshuhudia. Nyota mbili zikizungukana, ile kubwa nayo huyumba, na upepo wake hupindika, kama maji ya mpira wa bustani mikononi mwa anayezunguka. Mwenza akiwa karibu zaidi, huweza kuikusanya gesi ikawa bapa kama sahani. Mira pia anaye mwenza. Robert Aitken alimwona kwa darubini mwaka 1923.

Kisha mwaka 2020 Leen Decin wa Leuven, Ubelgiji, na wenzake wakatangaza uchunguzi wa kundi zima la nyota kama hizi. Hakuna upepo hata mmoja uliokuwa mviringo kamili. Walisema hata sayari nzito yaweza kuupinda.

Jua letu halina nyota mwenza. Litakapofura, baada ya takriban miaka bilioni 5, litakuwa na Mshtarii na Zohali pembeni, na kwa hesabu zao misokoto itakuwepo, ingawa hafifu. Binti yule akisoma haya, na aje na swali la pili.