Kughairi, Kusitisha na Kufuta: Istilahi ya Ombi Lililoachwa Njiani

Baadhi ya wafasiri wa programu za kompyuta hutumia kitenzi "futa" wanapokutana na kitufe cha kuachana na jambo. Makala haya yanadai kwamba zoea hilo linapotosha, na upotoshaji wenyewe hujitokeza zaidi katika huduma ziitwazo "zisizo na seva". (Jina hilo nalo lina kasoro: seva ipo, ila ni ya mwingine.)

Katika huduma hizo, mathalani Lambda ya kampuni ya Amazon iliyotangazwa mwaka 2014, mwandishi wa programu hukabidhi kipande cha msimbo ambacho huamshwa ombi linapofika. Tumchukue mzazi anayelipa ada kwa simu. Amebonyeza, mtandao ukazubaa, akafunga ukurasa. Je, ombi limefutika? La hasha. Alichoacha ni kungoja jibu tu. Msimbo uliokwisha kuamshwa huweza kuendelea hadi mwisho, na mzazi akibonyeza tena, huenda ada ikalipwa mara mbili.

Hapa pana matendo mawili, na Kiswahili kinayatenganisha vizuri. "Kughairi" ni kubadili nia, nalo ni tendo la mwombaji. "Kusitisha" ni tendo la mtenda kazi. Kanuni za HTTP/2 za mwaka 2015 humwezesha mwombaji kutangaza kwamba ameghairi. Hazimlazimishi mtenda kazi kusitisha. Katika JavaScript, tangazo hilo hubebwa na AbortSignal, ikiwa mwenye seva ameruhusu lifike kwenye msimbo. Si wote waruhusuo.

Hata likifika, kulitii papo hapo si busara daima. Kabla fedha hazijatoka, msimbo na usitishe. Zikiisha kutoka, na umalize kazi na kuandika kumbukumbu. Aidha, kila malipo yapewe namba ya pekee, ili ombi la pili lenye namba ile ile lirudishiwe matokeo ya kwanza badala ya kutekelezwa upya. Kurejesha fedha zilizokwisha kulipwa ni dhana ya tatu, nayo tungeiita "kubatilisha".

Kwa hiyo, mzazi yule asiandikiwe "Ombi limefutwa". Aandikiwe: "Umeghairi kusubiri. Huenda malipo yamefanyika. Tafadhali hakikisha kabla ya kulipa tena."