Kila zama na mnyama wake

Septemba 1522, Agano Jipya la Kijerumani la Martin Luther lilipotoka mjini Wittenberg, kitabu cha Ufunuo kilipewa mfululizo wa picha kubwa kutoka karakana ya mchoraji Lucas Cranach. Kahaba wa Babeli alichorwa akiwa na taji la ngazi tatu, taji la Papa. Toleo la Desemba mwaka huohuo likalipunguza kuwa taji la kawaida, lakini ujumbe ulikwisha kufika. Ajabu ni kwamba Luther mwenyewe, katika dibaji ya toleo lile la kwanza, alikitilia shaka kitabu hicho na hakukiona kuwa cha kitume wala cha kinabii. Mwaka 1529 majeshi ya Waturuki yaliuzingira mji wa Vienna. Mwaka 1530 Luther akaandika dibaji mpya iliyousoma Ufunuo kama historia ya Kanisa tangu mitume, na ile pembe ndogo ya Danieli sura ya 7 akaiona kuwa ni Mturuki. Maandiko yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni hatari iliyokuwa mlangoni.

Hilo ndilo tatizo la karne tano za Waprotestanti kufasiri alama za siku za mwisho. Kila kizazi hukuta mnyama, joka na pembe kumi, kisha huwapa jina la adui anayekisumbua wakati huo. Wengine walifanya hivyo kwa hesabu. Kwa kutegemea Hesabu 14:34 na Ezekieli 4:6, walishika kanuni kwamba siku moja ya unabii ni mwaka mmoja. William Miller, mkulima Mbaptisti wa jimbo la New York, alizichukua siku 2,300 za Danieli 8:14, akaanza kuhesabu mwaka 457 kabla ya Kristo, na mwishowe yeye na wafuasi wake wakaingojea tarehe 22 Oktoba 1844. Bwana hakurudi siku hiyo. Baadhi ya waliobaki waliishikilia tarehe, wakafundisha kuwa tukio lilikuwa katika hekalu la mbinguni. Ndipo likatokea Kanisa la Waadventista Wasabato, lililoundwa rasmi 1863 na kufika Upare mwaka 1903. Imani yao haipimwi kwa tarehe moja, ila yeyote anayetaka kupiga hesabu mpya anapaswa kuijua ile ya Miller.

Wengine waliyasukuma mambo yote ya alama hizo mbele, hadi siku za mwisho. Mafundisho ya unyakuo na dhiki kuu yanayosikika leo katika mikutano mingi ya injili yalisambazwa na John Nelson Darby katika karne ya 19, kisha na Biblia yenye maelezo ya Scofield ya mwaka 1909. Wahubiri wengi hawajui kwamba wazo la Mpinga Kristo atakayekuja mwishoni tu lilitetewa mapema na Mjesuiti wa Kihispania, Francisco Ribera, mwishoni mwa karne ya 16, wakati Waprotestanti wakimnyooshea Papa kidole. Mwaka 1970 Mmarekani Hal Lindsey, katika kitabu kilichouzwa kwa mamilioni, alizihusisha pembe kumi na Soko la Pamoja la Ulaya. Ugiriki ilipojiunga 1981, wanachama wakawa kumi kamili. Mwaka 1986 wakaingia Hispania na Ureno, wakawa kumi na wawili. Leo ni ishirini na saba.

Mtu atasema kwamba kitabu chenyewe kinamwita mwenye akili aihesabu namba ya mnyama, Ufunuo 13:18. Ni kweli, lakini wa kwanza kuitwa ni makanisa saba, kuanzia Efeso hadi Laodikia, yaliyoishi chini ya Rumi. Jina la Kaisari Nero kwa herufi za Kiebrania hufikia 666. Tena kuna nakala za kale zenye 616, na jina hilohilo likiandikwa kwa kufuata umbo lake la Kilatini hufikia 616. Kwa wasomaji wale fumbo lilifumbulika.

Je, tukisema hivyo hatujaufungia unabii katika karne ya kwanza? Hapana, kwa sababu Yohana mwenyewe alimchukua simba, dubu na chui wa Danieli akawaunganisha katika mnyama mmoja. Kwake alama ilikuwa kipimo cha dola lolote linalodai kuabudiwa na kuamua nani anunue na nani auze. Kipimo hicho kinafaa hata leo. Ila kupima matendo ya mtawala ni kazi nyingine kabisa na kumbandika jina la mnyama. Luther hakuhitaji Ufunuo ili kuonyesha ubaya wa kuuza msamaha wa dhambi. Na mtu akishaitwa mnyama, hakuna anayekaa naye tena kujadiliana.

Madhara ya tabia hii yalionekana Kenya mwaka 2019, serikali ilipoanza usajili wa Huduma Namba, yaani namba moja ya utambulisho kwa kila mtu, na baadhi ya waumini wakaukataa wakihofia chapa ya mnyama. Swali la msingi, yaani nani atazilinda taarifa za watu na nani ataachwa nje ya daftari, liliulizwa mahakamani na watetezi wa haki, wakiwemo Wanubi waliozoea kusumbuliwa kupata vitambulisho. Januari 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba mpango ule usiendelee bila kwanza kuwekewa kanuni madhubuti za ulinzi wa taarifa. Uamuzi huo ulitokana na Katiba, na hakuna jaji aliyehitaji kuhesabu 666.