Daftari Kabla ya Grainda

Pikipiki kuukuu iliyoegeshwa uani kwa miaka mingi ina maadui wawili. Wa kwanza ni kutu, ambayo kila mtu anaijua. Wa pili ni mmiliki mwenye shauku, anayeianza kazi siku ya kwanza akiwa na grainda mkononi na picha ya pikipiki ya kuvutia kwenye simu. Kutu hula polepole, na mara nyingi huiacha fremu ikiwa bado nzima chini ya rangi iliyobabuka. Grainda hukata kwa dakika mbili kipande ambacho huenda kiwanda hakikitengenezi tena. Anayetaka kufufua pikipiki ya zamani nyumbani airejeshe kwanza katika hali yake, aiendeshe, aielewe, ndipo aipambe. Na akiipamba, abadilishe yale tu yanayoweza kurudi yalivyokuwa. Huo si woga, wala si kuabudu vya kale. Ni njia ya kupata pikipiki nzuri inayokwenda.

Tuchukue mfano wa Honda CG125. Ilipoanza kuuzwa katikati ya miaka ya 1970, Honda ilikwisha kuwa na CB125, ambayo kamshafti yake hukaa juu ya silinda na kuzungushwa na cheni. Muundo huo ni mzuri kwa mwendo, lakini unategemea oili safi. Honda ilibaini kwamba katika nchi zinazoendelea pikipiki hubeba mizigo mizito, hupita kwenye vumbi, na oili hukaa ndani muda mrefu kupita kiasi. Wahandisi wake hawakuwalaumu wenye pikipiki; walibadilisha injini. Katika CG kamshafti ilishushwa chini na kuzungushwa na gia, na valvu zikasukumwa na fito mbili za chuma. Uchafu wa oili uliondolewa na chombo kinachozunguka na kuutupa pembeni, hivyo hakuna kichujio cha karatasi cha kununua. Cheni ya nyuma ilifunikwa yote kwa bati, isiguswe na matope wala mchanga.

Sasa tazama yanayofanywa kwanza na wengi wanaotaka pikipiki kama hiyo ipendeze. Kifuniko cha cheni hutupwa kwa sababu kinaonekana kizito. Boksi la hewa hung'olewa, na kichujio kidogo chenye umbo la koni hubanwa kwenye kabureta. Sehemu ya nyuma ya fremu hukatwa ili siti iwe fupi. Kila hatua ina gharama yake. Cheni iliyo wazi hukusanya mchanga, na mchanga uliochanganyika na grisi ni msasa unaosaga cheni na sproketi. Jeti za kabureta zilipimwa kulingana na hewa inayopita kwenye boksi lile. Hewa ikizidi, petroli huwa haba katika mchanganyiko, na injini inayopozwa na hewa peke yake hupata joto la kuiumiza. Mabomba ya nyuma ya fremu hubeba siti na kushika vichwa vya shokapu. Yakikatwa bila hesabu, uzito wa abiria huhamia kwenye viungo visivyoundwa kuubeba. Mtu huyo anakuwa ameondoa, moja baada ya jingine, majibu ambayo kiwanda kiliyatafuta kwa ajili ya barabara anazopita yeye.

Ndiyo maana kazi ianze na daftari. Kabla ya kufungua nati ya kwanza, pikipiki ipigwe picha kila upande, njia na rangi za nyaya zichorwe, na bolti za kila sehemu zipate mfuko wake wenye jina. Skrubu zitatoa somo la kwanza. Kwenye pikipiki za Kijapani za miaka ile zinafanana na skrubu za nyota za kawaida, lakini zilichongwa kwa kipimo cha Kijapani kinachoitwa JIS, na nyingi zina nukta ndogo kichwani. Bisibisi ya kawaida huteleza humo na kuvila vichwa, kisha fundi husema skrubu imegoma. Pistoni iliyoganda nayo haipigwi nyundo: hutolewa plagi, humiminwa mafuta ya kulegeza kutu, na huachwa siku kadhaa kabla ya injini kuzungushwa taratibu kwa spana. Mwanya wa valvu za CG ni milimita 0.08 injini ikiwa baridi, na kila kipimo kinachochukuliwa kiandikwe, kwa kuwa ndicho kitakachoonyesha baadaye kama kuna kitu kinacholika. Hata namba ya fremu iliyogongwa kwenye shingo ya usukani iandikwe na ilindwe. Ikisagwa pamoja na kutu, pikipiki haitalingana tena na kadi yake ya usajili.

Pikipiki iliyobaki nzima pia hupata spea kwa urahisi zaidi. Injini ya CG iliigwa na viwanda vingi vya China. Kenya ilipoondoa VAT kwenye pikipiki za chini ya cc 250 mwaka 2008, biashara ya bodaboda ilipanuka, na injini za ukoo huo ni miongoni mwa zilizojaa mitaani. Ukikuta 156FMI kwenye injini ya Kichina, soma hivi: 1 ni silinda moja, 56 ni kipenyo chake kwa milimita, F ni kupozwa na hewa, M ni pikipiki, na I ni ujazo wa cc 125. Ile ya 162FMJ ni ya cc 150, yenye kipenyo cha milimita 62. Msimbo huo hausemi kama kamshafti iko juu au chini, na waigaji walibadilisha hiki na kile, kwa hiyo anayekwenda Kariakoo, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, abebe kipuri chake cha zamani akilinganishe kabla ya kulipa. Mwenye pikipiki ambayo haijakatwa ana cha kulinganishia. Aliyekata na kutupa atabaki kubahatisha.

Wapo watakaosema kwamba kubadilisha pikipiki nako ni urithi. Ni kweli, na historia yake inafundisha. Vijana wa Uingereza wa miaka ya 1950 na 1960, wale waliokuwa wakikutana Ace Cafe jijini London, waliisifu sana Triton, pikipiki yenye injini ya Triumph ndani ya fremu ya Norton iitwayo Featherbed. Baadhi ya fremu hizo zilitoka wapi? Madereva wa magari madogo ya mbio ya cc 500 waliitaka injini ya Norton Manx, nacho kiwanda hakikuwa kikiiuza peke yake. Wakanunua pikipiki nzima, wakachukua injini, na fremu zikabaki bila kazi. Ubunifu huo ulilishwa na kilichobaki. Kwa kipimo hichohicho, mwenye fremu isiyo na injini, au pikipiki iliyokwisha kuchinjwa na wengine, ana uhuru mpana wa kuunda atakacho. Lakini aliyepata pikipiki kamili, yenye madigadi, mita na boksi lake la hewa, amepata kitu kinachozidi kuwa adimu, na maji yakimwagika hayazoleki.

Wengine watahofu kwamba njia hii itaigeuza pikipiki kuwa pambo la makumbusho. Shirikisho la kimataifa la vyombo vya zamani, FIVA, lilipopitisha Mkataba wa Turin mwaka 2012, lilihimiza vyombo hivyo viendelee kutumika barabarani. Mkataba unaruhusu mabadiliko yanayohitajika kwa matumizi na usalama, mradi yasiharibu umbo, yaweze kuondolewa, na sehemu muhimu za asili zitunzwe pamoja na chombo. Uwanja huo ni mpana. Usukani, siti inayofungwa kwa bolti, matairi, rangi ya tangi, taa zenye mwanga mkali, hata kuhamisha umeme wa volti 6 uwe 12, vyote vinawezekana bila kukata chuma. Ladha ya mwenyewe itaonekana, na sanduku la sehemu za asili litabaki stoo.

Pingamizi zito zaidi ni pesa. Anayehitaji chombo cha kumlisha kesho asubuhi anunue pikipiki mpya, wala asilaumiwe. Lakini wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na kurejesha pikipiki kuna ruhusa ambayo biashara haina: kunaweza kwenda kwa mwendo wa mfuko, gasketi mwezi huu, ringi mwezi ujao. Hatari nazo zipo, na zinajulikana. Tangi lililowahi kubeba petroli lisichomelewe nyumbani, hata likionekana kavu, kwa sababu mvuke uliobaki hulipuka. Vumbi la breki za zamani huweza kuwa na asbesto, basi lifutwe kwa kitambaa kibichi, lisipulizwe. Kuchomelea fremu na kuchonga silinda ni kazi za fundi mwenye mashine. Kazi zilizobaki, yaani kufungua, kusafisha, kupima, kupiga msasa na kufunga upya, zinaweza kufanyika nyumbani, tena na mtu asiyekimbizwa na mteja.

Pikipiki ikikwisha kutembea kilomita mia kadhaa, mwenyewe atajua kwa hakika kipi kinamsumbua na kipi alidhani tu kwamba kinamsumbua. Huenda siti fupi aliyoitamani ikaonekana haina haja, na breki ambazo hakuzifikiria zikawa ndizo za kuboreshwa kwanza. Siku atakapoiuza au kuirithisha, daftari na sanduku la sehemu za asili viende nayo. Atakayeipokea naye atakuwa na ladha yake, na ataikuta pikipiki bado nzima ya kumwachia nafasi ya kuchagua.