Timu ya wasichana iliyotoka mkiani hadi kileleni

Hebu fikiria kwamba wewe ndiwe mkuu wa chuo. Timu yako ya wasichana ya mpira wa vikapu imecheza mechi 28 msimu mzima na kushinda 10 tu. Mwaka unaofuata, mechi ilizoshinda bado ni chache kuliko ilizopoteza. Je, utamfuta kocha? Au utasema kwamba mchezo huu ni wa wavulana, pesa ziende kwao?

Swali hilo si la kubuni. Lilikikabili Chuo Kikuu cha South Carolina, mjini Columbia, kusini mwa Marekani. Timu yake ya akina dada iliwahi kufika robo-fainali ya taifa mwaka 2002, kisha ikadidimia. Mwaka 2008 chuo hicho kilimwajiri Dawn Staley.

Kocha huyo hakuwa mgeni wa shida. Alizaliwa mwaka 1970 na kukulia katika mtaa wa nyumba za serikali kaskazini mwa Philadelphia. Kimo chake ni futi 5 na inchi 6 tu, lakini alishinda dhahabu ya Olimpiki mara tatu: 1996, 2000 na 2004. Alikuwa amefundisha Chuo Kikuu cha Temple kwa miaka minane, mingi ya miaka hiyo akiwa bado anacheza ligi ya kulipwa.

Hata hivyo, umaarufu haufungi vikapu. Msimu wake wa kwanza ndio huo wa ushindi wa mechi 10. Katika ligi yao ya vyuo vya kusini-mashariki, ilishinda mechi 2 kati ya 14. Msimu wa pili ilishinda 14 na kupoteza 15. Kisha mchezaji mrefu aliyetegemewa sana, Kelsey Bone, akahamia Chuo cha Texas A&M baada ya msimu mmoja tu.

Chuo hakikumfukuza kocha. Msimu wa tatu timu ilishinda mechi 18, na wa nne 25, ikaingia kati ya timu 16 bora nchini. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Alianzia nyumbani

Sasa sikiliza, ewe mzazi, maana hapa ndipo penye siri. Staley hakutafuta vipaji vya mbali peke yake. Alibisha hodi kwa majirani. Alaina Coates alitoka viungani mwa Columbia. A'ja Wilson, aliyesakwa na vyuo vingi nchini, alitoka Hopkins, mwendo mfupi tu kutoka chuoni. Mwaka 2014 Wilson aliamua kubaki karibu na wazazi wake.

Uamuzi huo ulikuwa na uzito usioonekana kwenye ubao wa matokeo. Kabla ya mwaka 1963 chuo hicho kilikuwa kimewafungia milango wanafunzi weusi kwa miongo mingi. Wilson amesimulia kwamba nyanya yake, alipokuwa mtoto, hakuruhusiwa kukatiza uwanja wa chuo. Ilimbidi azunguke. Mwaka 2021 sanamu ya mjukuu huyo ilizinduliwa papo hapo, mbele ya ukumbi wa michezo.

Ukumbi huo una viti vipatavyo 18,000, na zamani vingi vilikaa vitupu. Staley aliwaendea watu wa mji, akawasalimu na kuwachukua kama jamaa yake. Msimu wa 2014-15 timu hiyo iliongoza Marekani nzima kwa mashabiki wa mpira wa vikapu wa vyuo wa akina dada, kwa wastani wa zaidi ya watu 12,000 kila mechi ya nyumbani.

Taji lilifuata. Mwaka 2017 South Carolina iliilaza Mississippi State 67-55 katika fainali, Wilson akifunga alama 23. Ilitwaa ubingwa tena 2022, na 2024 ikashinda mechi zote 38. Mwaka 2025 ilifika fainali na kucharazwa na Connecticut 82-59, kwani hata bingwa huteleza.

Na mshahara je? Mwaka 2021 Staley alitia saini mkataba wa miaka saba wa dola milioni 22.4.

Tujiulize sisi

Ni kweli kwamba tangu 1972 sheria ya Marekani inakataza shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kuwabagua wasichana, hata michezoni. Lakini sheria huleta mpira na sare. Haileti subira, wala haijazi viti.

Subira na viti ni juu yetu. Mzazi, mara ya mwisho ulikwenda lini kumtazama binti yako akicheza? Mwalimu, mpira mpya ukifika shuleni, huanza kudunda kwa nani? Nawe mwanafunzi, timu yako ikifungwa mara tatu mfululizo, utarudi mazoezini Jumatatu?

Kumbuka kwamba kocha aliyeshinda mechi 10 mwaka 2009 ndiye yule yule aliyeinua kombe mwaka 2017. Tofauti ni kwamba alipewa muda.